Drusilla na Mfumo wa Wapaka Mabati

Drusilla Nyangate alipandisha ng'ombe wa Nyansiongo kwa miaka kumi na tisa, na mtu aliyemfanya aache kazi ni mimi. Ukiuliza sokoni utaambiwa ni meneja. Wengine watakwambia ni kompyuta. Kompyuta haina kosa. Iliambiwa ifanye jambo la kijinga, ikalifanya bila kukosea hata siku moja. Aliyeiambia ni mimi, Beverlyne, karani wa ushirika wa maziwa. Kila nikikumbuka, hasira inanipanda. Ninamkasirikia meneja, ninaikasirikia kamati, na ninajikasirikia mwenyewe kuliko wote hao.

Kwa asiyefuga, nieleze kidogo. Siku hizi ng'ombe anapandishwa bila dume kufika bomani. Mbegu huwekwa ndani ya mirija myembamba, ikagandishwa kwenye mtungi wa baridi kali. Mpandishaji huvaa glavu inayofika begani, akaingiza mkono mmoja nyuma ya ng'ombe, na kwa mkono wa pili akapitisha mrija mpaka panapotakiwa. Drusilla alikuwa akifanya hivyo huku akimsema mwenye ng'ombe. "Huyu unamlisha nini, magazeti?" Mkono uko ndani, mdomo unaendelea, na ng'ombe ametulia tuli.

Alipoanza, wanaume walimcheka. Mwanamke, tena mama wa watoto, anaingiza mkono ndani ya ng'ombe wa watu! Kuna mzee mmoja upande wa Sotik aliyefunga lango la boma akasema atumiwe mwanamume la sivyo ng'ombe akae hivyo hivyo. Drusilla alikaa juu ya pikipiki yake nje ya lango, akamwita tata, yaani baba, akamwambia, "Sawa, tata. Nitaenda. Lakini wewe ndiye utakayemweleza ng'ombe." Wiki tatu baadaye mzee huyo huyo alimpigia simu. Mpaka anakufa hakumruhusu mtu mwingine aguse mifugo yake, na wakulima wote wakawa wanamwita Drusilla Daktari, ingawa cheti chake si cha udaktari na yeye mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimpigia simu umechelewa, anakutukana kwanza, halafu anakuja. Na lazima uelewe kwa nini alitukana, maana ndiyo kazi yenyewe. Ng'ombe akipata joto, ana saa chache tu. Ukimwona analia na kuwapanda wenzake asubuhi, apandishwe jioni ile ile. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Saa hizo zikipita, joto linaisha, na utasubiri siku ishirini na moja mpaka arudie. Siku ishirini na moja unamlisha, unamnywesha, maziwa yanapungua, na tumboni hamna kitu. Kila mfugaji wa huku kwetu Borabu anajua hesabu hiyo kabla hajajua kuandika jina lake.

Huku kwetu mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Miezi mingi ya mwaka, asubuhi ni jua, na baada ya chakula cha mchana mawingu yanajikusanya. Kwa hiyo ng'ombe aliyeonekana asubuhi hupandishwa mvua ikinyesha au ikikaribia. Drusilla alikuwa na koti la mvua la kijani lililofika magotini na buti za mpira, na alipita kwenye matope yetu mekundu akiutukana udongo kwa Ekegusii. Aliwahi kuanguka mara mbili. Mara ya pili alivunjika kidole, akafungwa bandeji, na jioni hiyo akapandisha ng'ombe wawili kwa mkono mwingine.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakufanya. Drusilla ni Msabato kama mimi, kama karibu nusu ya wafugaji wetu. Jua likizama Ijumaa, simu yake inazimwa. Haikuwa shida, kwa sababu mwenzake, Ogoti, alikuwa Mkatoliki. Ogoti alipandisha Jumamosi, Drusilla akapandisha Jumapili. Hawakuandikishana popote. Wakulima wote walijua, hata watoto walijua ni nani wa kupigiwa siku gani. Miaka kumi na tisa hakuna ng'ombe aliyekosa mtu kwa sababu ya dini.

Halafu mwaka juzi tukaletewa Manasseh Okemwa awe meneja.

Sitamsingizia. Manasseh hakuwa mwizi wala mlevi. Ni mtoto wa Nyamira aliyesoma, shati safi, anasalimia kila mtu. Alipofika alikuta mambo yote yako ndani ya daftari la Drusilla na kichwa cha Ogoti, akashtuka. "Huyu mama akiugua, ushirika unafungwa?" akaniuliza. Lilikuwa swali zuri. Akaniambia amejifunza jinsi ya kuunganisha programu ili kazi ijiendeshe yenyewe, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kompyuta ofisini, tutaijenga pamoja.

Tukaijenga. Nakiri nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba nitumie kile nilichosomea. Mkulima anatuma ujumbe mfupi kwamba ng'ombe wake ana joto. Ujumbe unaingia kwenye jedwali. Jedwali linaamsha programu ya pili, inayotafuta nafasi kwenye kalenda ya mpandishaji. Kabla haijaweka miadi, inaiuliza programu ya tatu hali ya hewa ya saa hiyo. Kukiwa na uwezekano wa mvua wa zaidi ya asilimia sitini, inasogeza miadi mpaka saa ya kwanza iliyo kavu na yenye nafasi. Kisha inamtumia mkulima ujumbe, na mpandishaji naye anaupata kwenye simu aliyopewa na ofisi. Hakuna mtu anayeigusa kazi hiyo. Kila programu inaikabidhi nyingine.

Mambo ya mvua hatukuyabuni sisi. Manasseh alipata mtiririko wa hatua uliokwisha kutengenezwa, wa bure, uliotumiwa na kampuni fulani ya wapaka rangi mabati. Mpaka leo kwenye pembe ya skrini yangu pameandikwa "Wapaka Mabati". Mtu wa kupaka rangi akisubiri jua siku tatu, bati linamngoja. Nililiona jina lile siku ya kwanza. Nilimuuliza Manasseh kama tuiondoe ile hatua ya mvua.

"Iache," akasema. "Drusilla amevunjika kidole kwa ajili ya utelezi. Hii ni kwa usalama wake."

Nikaiacha. Nilikuwa na ng'ombe wangu nyumbani. Nilikuwa najua saa za joto kama ninavyojua jina la mama yangu. Na bado nikaiacha, kwa sababu meneja amesema na mimi nilikuwa najisikia mtu wa maana mbele ya ile skrini. Programu ilipoomba jina la mji wa kuangalia mvua, Nyansiongo haikuwamo kwenye orodha. Kulikuwa na Kisii. Nikabonyeza Kisii. Kutoka hapa mpaka Kisii mjini ni safari ya kupita Keroka, kuteremka na kupanda tena, na mvua ya kule si mvua ya huku. Nikabonyeza tu nikaenda kunywa chai.

Ogoti aliondolewa mfumo ulipofika mwezi wa pili. Manasseh alisema mfumo umeonyesha kwamba mpandishaji mmoja anatosha. Ogoti akapata kazi kwenye shamba kubwa upande wa Sotik, na Drusilla akaja ofisini uso umekunjamana.

"Na Jumamosi?" akauliza.

"Mfumo utapanga, Mama," Manasseh akamjibu kwa adabu.

Mfumo ulipanga kweli. Mchana wa Jumatano mvua, sogeza. Alhamisi asubuhi pamejaa, mchana mvua, sogeza. Ijumaa vivyo hivyo, sogeza. Na Jumamosi asubuhi palikuwa na jua na nafasi tupu kuanzia saa moja mpaka saa sita, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba Drusilla miadi siku hiyo. Kompyuta ikaona hapo ni mahali pazuri sana. Kila wiki ikarundika miadi Jumamosi asubuhi, ya wakulima walio kanisani, kwa mpandishaji aliye kanisani. Kila miadi ambayo Drusilla hakuhudhuria ilipakwa rangi nyekundu mbele ya jina lake.

Aliniambia. Msidhani hakuniambia. Alikuja kwenye dirisha langu na buti zake za matope, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. "Beverlyne, hii kitu yenu inafanya ng'ombe zinakaa bure. Ng'ombe haingoji jua." Nikamwambia nitamweleza meneja. Nilimweleza meneja kwa sauti ya chini, nikiwa nimeshika faili, na yeye akasema data ikusanywe kwanza kwa miezi sita. Nikarudi kukaa. Hivyo ndivyo nilivyompigania.

Mzee Angwenyi ana shamba dogo karibu na kiwanda cha chai, mahindi kidogo, chai kidogo, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mmoja tu. Wengine aliwagawia watoto. Yule aliyebaki alikuwa Friziani mwenye baka jeupe usoni, aliyezaliwa mikononi mwa Drusilla na kupandishwa na Drusilla kila mara. Mwaka jana alipata joto mwezi wa saba. Mfumo ukamsogeza mpaka joto likaisha. Akarudia mwezi wa nane; ukamsogeza tena. Maziwa yakawa yanakauka. Wanawe walimwambia amuuze, mchinjaji wa Keroka akaja kumtazama, akambonyeza mgongo, akataja bei. Angwenyi akasema ampe mara moja zaidi. Akija kupandishwa akashika mimba, atabaki. Akikosa, aende. Alilisema hilo mbele yangu, dirishani, na Drusilla alikuwepo.

"Nitakuja, tata," Drusilla akamwambia. "Ikinyesha mawe nitakuja."

Ilikuwa Ijumaa. Saa kumi na mbili asubuhi Angwenyi alituma ujumbe: ng'ombe amelia tangu alfajiri, hataki kula, anahangaika. Kwa hesabu ya kila mtu hapa, alitakiwa kupandishwa saa tisa au saa kumi alasiri. Mfumo ukatazama mvua ya Kisii, ukaona asilimia sabini na nane, ukamjibu: miadi yako ni Jumamosi saa tatu asubuhi.

Manasseh hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nyamira kwenye semina ya mameneja wa vyama vya ushirika, kuwaonyesha mfumo wetu. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Saa nane mchana Drusilla aliingia ofisini. Mtungi wa mbegu ulikuwa kwenye chumba cha nyuma na ufunguo ulikuwa kwangu. Amri ilikuwa kwamba hakuna mrija unaotoka bila namba ya miadi ya siku hiyo. Ukitoka bila namba, karani anajibu. Manasseh alikuwa amenisomesha amri hiyo na nikatia sahihi.

"Nipatie mbegu moja," akasema. "Ya Angwenyi."

"Mama, miadi yake ni kesho."

"Kesho ng'ombe itakuwa imepoa. Na kesho ni Sabato. Wewe unajua hizo zote mbili."

"Mfumo haujatoa namba ya leo. Kunatarajiwa mvua."

Alinishika mkono, si kwa nguvu, akanitoa mpaka mlangoni. Mbingu ilikuwa buluu kuanzia Sotik mpaka vilima vya Manga. Chai ilikuwa inang'aa. Mama mmoja alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai kando ya barabara na wala hakuwa na wasiwasi.

"Hii mvua yenu iko wapi?" Drusilla akaniuliza. "Nionyeshe na kidole."

Nikarudi mezani kwangu. Nikamwambia nitafukuzwa. Nikamwambia nina watoto. Akanitazama, na siku hiyo sikujua kwa nini hakunitukana, maana alimtukana kila mtu. Akakaa kwenye benchi la wateja akasubiri. Nilimpigia Manasseh mara kumi na moja. Saa tisa ikafika, saa kumi ikafika. Drusilla alimpigia Ogoti, lakini Ogoti alikuwa zamu kwa mwajiri wake na mbegu si zake. Alimpigia mpandishaji mmoja wa Keroka, hakupatikana.

Saa kumi na nusu Angwenyi mwenyewe akaja kwa miguu. Alivua kofia.

"Mwanangu, mmeniandikia kesho. Kesho nitakuwa kanisani."

"Ni mfumo, mzee."

"Sasa huyo mfumo anakaa wapi, nimwendee nimwombe?"

Hakuwa anatania. Nikamwambia hakai mahali. Akamtazama Drusilla, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akatazama ufunguo uliokuwa mezani kwangu. Angeweza kuuchukua. Drusilla angeweza kuuchukua. Ana nguvu kunizidi mara mbili. Hakuna aliyeugusa, kwa sababu hao ni watu wanaosubiri kupewa, na mimi nilikuwa mtu wa kutoa, na sikutoa. Saa kumi na moja Angwenyi akasema ni lazima aende kujiandaa kwa Sabato. Akanishukuru. Naapa alinishukuru. Siku ile haikudondoka hata tone.

Kesho yake tulikuwa kanisani. Mzee Angwenyi alikaa mbele na wazee wa kanisa, Drusilla upande wa kina mama, blauzi nyeupe, mimi nyuma yake. Saa tatu kasoro robo simu ya Angwenyi ikalia mfukoni. Alisahau kuizima, maskini, au labda aliiacha makusudi. Akaitoa, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho, akageuka kumtafuta Drusilla, akamwinulia simu aione. Ujumbe ulisema mhudumu wako yuko njiani, tafadhali hakikisha ng'ombe amefungwa.

Drusilla aliinuka. Katikati ya somo, watu wote wakiona, akapita kati ya viti mpaka kwangu akanyoosha mkono.

"Leo niko na namba," akasema.

Nikautoa ufunguo mkobani nikampa. Ijumaa nilimnyima, ng'ombe akiwa tayari na yeye akiwa huru. Sabato nikampa, kwa sababu kompyuta imeruhusu. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu hakuwahi kufanya kazi siku ya Sabato, na nilimtazama akitoka mlangoni na sketi yake ya kanisani, nikaendelea kukaa na Biblia imefunguliwa mapajani.

Alirudi saa tano. Hakuingia ndani; alisimama chini ya mti wa nje akasubiri ibada iishe. Angwenyi akamwendea. Niliwasogelea nikasikia.

"Njia yake imefunga, tata," akamwambia. "Nimempima mara mbili. Hakuna joto tena. Sikuyeyusha mbegu bure."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama amekunywa chai. Alikuwa hajanywa. Akamwambia twende nyumbani, mama amepika.

Jumatatu asubuhi lori la Keroka lilipita mbele ya ofisi na yule Friziani mwenye baka jeupe usoni. Nyuma yake, kwa miguu, akaja Angwenyi, akanipa simu nimwelezee ujumbe asiouelewa. Ulitoka kwetu. Ulimshukuru kwa kutumia huduma yetu na kumwomba atupe nyota, kuanzia moja mpaka tano.

"Nyota za nini?" akauliza.

 Nilifuta ule ujumbe, nikamrudishia simu, nikaenda chooni nikalia kwa hasira mpaka nikasikia watu wanagonga.

Siku hiyo hiyo kamati ilikaa. Manasseh alikuwa na karatasi: katika miezi mitano Drusilla Nyangate amekosa miadi ishirini na sita. Alisoma kwa masikitiko, namwamini kwamba alisikitika. Alisema hamfukuzi mtu. Anapendekeza barua ya onyo na mafunzo ya kutumia simu. Wanakamati saba, wanne wao Wasabato, hakuna aliyeuliza hizo ishirini na sita ni za siku gani. Mimi nilijua. Nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, kalamu iko mkononi, na nilijua kila moja ni ya Jumamosi. Niliandika "kamati imekubali".

Drusilla aliitwa ndani. Akasomewa. Akaweka simu ya ofisi mezani.

"Mama, hatukufukuzi," Manasseh akasema. "Tunaweza hata kukuondolea Jumamosi. Ungesema tu."

"Nilisema kwa huyu," akajibu, akinionyesha kwa kidevu. "Mara ngapi, sijui. Na ng'ombe ya mzee imeenda Keroka. Mtaondoa Jumamosi, sawa. Na ng'ombe mtarudisha?"

Akatoka. Hakupiga kelele wala kubamiza mlango. Nilitamani abamize.

Jioni hiyo nilibaki ofisini peke yangu, nikafungua mtiririko, nikaifuta hatua ya mvua. Ilinichukua chini ya dakika moja. Programu ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Dakika moja! Ningeweza kufanya hivyo Ijumaa saa nane mchana, namba ikatoka, amri ikatimizwa, sahihi yangu ikabaki salama, na Drusilla akafika kwa Angwenyi kabla ya saa tisa. Nilikaa saa mbili na nusu nikimpigia meneja simu huku dawa iko chini ya kidole changu, na haikunijia kichwani, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuogopa. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Manasseh hakugundua. Miezi miwili baadaye aliwaambia wanachama kwamba mfumo umejifunza mazingira yetu na sasa unafanya vizuri zaidi. Walipiga makofi. Nilipiga pia.

Wakulima walichangishana, Drusilla akapata mtungi wake mdogo, akaanza kujitegemea. Ushirika ukachukua kijana wa Keroka, ambaye anakuja akipenda.

Mwezi uliopita, Alhamisi asubuhi, ng'ombe wangu mwenyewe akapata joto. Niliomba miadi kama mkulima mwingine yeyote. Ikatoka, saa tisa. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, simu ya kijana imezimwa, na mvua ikaanza, ile mvua yetu yenyewe, nzito, barabara ikawa uji. Mume wangu akaniambia, "Mpigie Drusilla." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Basi mwache ng'ombe akae." Nikapiga. Nilijitayarisha kutukanwa. Alisikiliza, akauliza ameanza kulia saa ngapi, akakata.

Alifika baada ya nusu saa na koti la kijani, matope mpaka kiunoni. Hakumsema mtu. Alivaa glavu, akafanya kazi yake kimya, na sijawahi kumwona Drusilla akipandisha ng'ombe kimya. Alipomaliza nikamwagia maji, akanawa mikono mpaka viwiko. Nilikuwa nimepika chai na viazi vitamu, nimetandika kitambaa mezani. Huku kwetu mtu hamhudumii ng'ombe wako akaondoka bila kuonja kitu, labda awe na jambo na nyumba hiyo.

"Ingia, Mama. Mvua bado," nikasema.

"Niko na mwingine kule chini kwa Angwenyi," akasema. "Watoto wake wamemnunulia mtamba. Joto limeonekana asubuhi."

"Kikombe kimoja tu."

Akanitazama, na safari hii nilijua kwa nini hakunitukana ile siku ya Ijumaa. Drusilla huwatukana watu anaowategemea. Akafunga vifungo vya koti, akawasha pikipiki, akaondoka kwenye mvua ile ile ambayo mimi nilimwandikia kwamba hawezi kufanya kazi ndani yake.